Meya wa Mpanda apigiwe kura na watu wa Mpanda

Mkazi wa Mpanda anayetaka kuwa Meya hana haja ya kuuomba mji mzima kura. Anachotakiwa ni kuteuliwa na chama chake kugombea udiwani, kushinda katika kata moja tu kati ya kata 15 za manispaa, kisha kupenya kwenye vikao vya chama vinavyochuja majina ya wanaotaka umeya. Madiwani wa chama chake wakishakubaliana juu yake, kazi kubwa imekwisha. Baada ya Uchaguzi Mkuu baraza hukutana kwa mara ya kwanza, madiwani huapa, na siku hiyohiyo hupiga kura ya kumpata Meya na Naibu wake. Karatasi za kura ni chache. Ukihesabu madiwani wa kata, wa viti maalumu na mbunge, hazifiki 30, na kuzihesabu ni kazi ya dakika chache. Mtu aliyeingia ukumbini akiwa diwani wa Kashaulili au wa Nsemulwa hutoka akiitwa Mstahiki Meya wa manispaa yote, na kwa miaka mitano ndiye sura ya mji wenye watu zaidi ya laki mbili. Wengi wao hawajawahi kuliona jina lake kwenye karatasi ya kura.

Utaratibu huu ni halali. Umewekwa na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Namba 8 ya mwaka 1982, na unatumika katika miji, manispaa na majiji yote ya Tanzania Bara. Nauleta mjadalani kwa sababu ndio unaotofautiana na ngazi nyingine zote za uwakilishi wetu. Mwenyekiti wa mtaa wa Mpanda huchaguliwa na wakazi wa mtaa wake. Diwani huchaguliwa na wapiga kura wa kata, mbunge na wapiga kura wa jimbo, Rais na wapiga kura wa nchi nzima. Kuanzia mtaani hadi Ikulu, mwananchi ametambuliwa kuwa na akili na haki ya kumchagua anayemwongoza. Akifika kwenye mji wake, yaani mahali anapouza mahindi, anapotibiwa, anapoomba kiwanja na anaposomesha watoto, anaambiwa wapo wengine watakaomchagulia. Sijawahi kuona hoja ya kuridhisha inayoeleza kwa nini mkazi wa Makanyagio anaaminika kumchagua Rais wa Jamhuri ya Muungano lakini haaminiki kumchagua Meya.

Ukiitazama historia, utaona kwamba kutowaamini watu wa chini katika mambo yao wenyewe kumetugharimu kabla ya leo. Mwaka 1972 Serikali ilianzisha utaratibu uliopewa jina zuri la Madaraka Mikoani, na kwa jina hilo halmashauri za wilaya zikavunjwa, kisha za miji zikafuata. Madaraka yaliyopelekwa mikoani yalishikwa na watumishi wa Serikali Kuu. Huduma za mijini zilizorota kiasi kwamba ilipofika 1978 halmashauri za miji zilirudishwa, na sheria za 1982 zikaurudisha mfumo mzima. Mwalimu Nyerere mwenyewe, alipoulizwa mwaka 1984 ni mambo gani asingeyafanya kama angeanza upya, alitaja kuvunja serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Katiba yetu sasa, katika ibara ya 146, inasema lengo la kuwapo kwa serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Kumpa mwananchi wa mji haki ya kumchagua kiongozi wa mji ni kuitekeleza ibara hiyo kwa ukamilifu.

Hoja hii ina uzito wa pekee kwa Mpanda, kwa kuwa ni mji ambao maamuzi yake makubwa yamefanyika mbali nao tangu mwanzo. Reli ya kutoka Kaliua, yenye urefu wa kilomita zipatazo 210, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya kubeba madini ya risasi. Mgodi ukafungwa, reli ikabaki, na kwa miaka mingi wakati wa masika ndiyo iliyokuwa tegemeo la msafiri. Mwaka 2012 Katavi ilimegwa kutoka Rukwa ikawa mkoa, Mpanda ikawa makao makuu, na baadaye mji ukapandishwa hadhi kuwa manispaa. Hayo yalikuwa maamuzi mema, na wana Katavi wana sababu ya kuyashukuru. Hata hivyo, yote yalishuka kutoka juu. Mkuu wa Mkoa huteuliwa. Mkuu wa Wilaya huteuliwa. Mkurugenzi wa Manispaa, anayesimamia watumishi na kusaini hundi, naye huteuliwa. Ukiuliza ni kiongozi gani wa Mpanda yote aliyepewa ridhaa na watu wa Mpanda kwa ajili ya mambo ya mji wao, jibu ni kwamba hayupo. Mbunge wamemchagua, lakini kazi yake ya msingi iko Dodoma.

Wakati huohuo mji unakua kwa kasi ambayo miji mingi haijaiona. Sensa ya 2012 iliikuta Mpanda Mjini ikiwa na watu wapatao 103,000. Sensa ya 2022 ikakuta idadi hiyo imezidi maradufu, na mkoa wa Katavi ukaongoza nchi nzima kwa kasi ya ongezeko la watu, asilimia 7.1 kwa mwaka. Mkoa uliokuwa na watu chini ya laki sita ulivuka milioni moja ndani ya miaka kumi. Kasi hiyo maana yake ni mashamba yanayokuwa makazi kabla ya kupimwa, madarasa yanayojaa kabla ya rangi kukauka, na zahanati iliyopangiwa kuhudumia watu wa mtaa mmoja ikihudumia watu wa mitaa mitatu. Mji wa namna hiyo unahitaji mtu anayeufikiria wote kwa pamoja, anayeweza kusimama hadharani na kusema miaka mitano ijayo tutapima huku, soko litakuwa hapa, na fedha zitatoka mahali fulani. Chini ya utaratibu wa sasa hakuna mgombea anayelazimika kuandaa mpango huo na kuunadi. Mgombea udiwani hunadi ya kata yake: daraja la kata, shule ya kata, kisima cha kata. Akishakuwa Meya hana ahadi yoyote aliyoitoa kwa mji, kwa hiyo hakuna ahadi ya mji anayoweza kudaiwa.

Tuchukue mfano wa mkulima wa mpunga wa Mwamkulu au Kakese. Kata hizo ziko ndani ya manispaa, lakini maisha yake ni ya shambani zaidi kuliko ya mjini. Anavuna, anafunga magunia, anayapakia kuyapeleka kwenye mashine za kukoboa. Njiani anakutana na geti la ushuru wa halmashauri. Kiwango cha ushuru huo kina ukomo uliowekwa na sheria ya nchi, lakini geti likae wapi, stakabadhi itolewe vipi, mpunga wa kula nyumbani utofautishweje na wa kuuza, na fedha zilizokusanywa zirudi kutengeneza nini, hayo huzungumzwa kwenye baraza la madiwani na kwenye Kamati ya Fedha na Uongozi, ambayo mwenyekiti wake ni Meya. Mkulima huyo ana diwani mmoja wa kumsemea. Asiporidhika anaweza kumwangusha diwani wake, ambaye huenda ndiye aliyempigania. Anayeongoza kikao hawezi kumgusa, maana ni diwani wa kata nyingine. Vivyo hivyo kwa mama anayeuza dagaa soko la Buzogwe na anayesubiri mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo sheria inaitaka halmashauri iigawe kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata baada ya malalamiko ya muda mrefu kuhusu vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa. Mgombea umeya anayetaka kura za Buzogwe, za Mwamkulu na za Misunkumilo kwa siku moja atalazimika kufika kote huko na kujibu maswali hayo kwa sauti inayosikika.

Wanaoutetea utaratibu wa sasa husema unaleta utulivu, kwa sababu Meya anayechaguliwa na madiwani ana uhakika wa kuungwa mkono na baraza. Kumbukumbu za nchi yetu zinasema vingine. Desemba 2010 uchaguzi wa Meya wa Arusha uliingia kwenye mgogoro, mojawapo ya sababu ikiwa ni mabishano juu ya uhalali wa mbunge wa viti maalumu kupiga kura katika baraza hilo. Januari 5, 2011 maandamano ya kuupinga uchaguzi huo yalikutana na risasi za polisi na watu watatu wakafa. Dar es Salaam, baada ya Uchaguzi Mkuu wa 2015, uchaguzi wa Meya wa Jiji uliahirishwa mara kadhaa hadi Machi 2016, ambapo Isaya Mwita alishinda kwa kura 84 dhidi ya 67. Jiji lenye watu zaidi ya milioni nne likapata Meya kwa kura 84. Januari 2020 madiwani wakapiga kura ya kumwondoa, na ubishi juu ya hesabu ya kura hizo ukafuata. Machi mwaka huohuo Meya wa Iringa, Alex Kimbe, naye akaondolewa na baraza. Sizungumzii nani alikuwa na haki katika migogoro hiyo. Ninachokiona ni chanzo chake: wapiga kura wanapokuwa wachache, kila mmoja wao anakuwa na thamani ya kupiganiwa, na ugomvi unahamia kwenye orodha ya wajumbe. Mji ukipiga kura wote, mpiga kura mmoja wa ziada hawezi kuamua nani awe Meya.

Pingamizi zito zaidi ni la wale wanaosema Meya hana madaraka, kwa hiyo kumchagua moja kwa moja ni kuwapandisha watu matumaini bure. Nakiri kwamba wana ushahidi. Tangu 2017 barabara za mijini ziko chini ya TARURA, wakala wa Serikali Kuu. Kodi ya majengo, iliyokuwa chanzo kikubwa cha halmashauri za miji, ilipelekwa Mamlaka ya Mapato (TRA), na tangu 2021 inakatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Mkurugenzi anawajibika kwa aliyemteua kuliko kwa baraza. Hata posho ya mwezi ya madiwani, katika halmashauri nyingi, sasa inatoka Serikali Kuu. Kampala imetuonyesha kinachotokea Meya anapopewa kura bila kupewa kazi. Erias Lukwago alichaguliwa na wakazi wa jiji mwaka 2011, chini ya sheria mpya iliyokuwa imehamishia shughuli za jiji kwa Mkurugenzi Mtendaji anayeteuliwa na Rais. Yeye na Jennifer Musisi, aliyeshika nafasi hiyo, walivutana miaka mfululizo, hadi Novemba 2013 baraza likapiga kura ya kumwondoa na shauri likahamia mahakamani. Wakazi walimrudisha Lukwago kwa kura zao mwaka 2016 na tena 2021. Walijua wanamtaka nani. Kilichokosekana ni sheria iliyomweleza yeye na Mkurugenzi nani anafanya nini.

Kwa hiyo kura ya moja kwa moja lazima iende pamoja na marekebisho ya majukumu, na marekebisho hayo hayahitaji kuwa makubwa. Mkurugenzi anaweza kuendelea kuwa mtaalamu na mtendaji mkuu. Sheria iseme tu kwamba tathmini yake ya kila mwaka haikamiliki bila maoni ya Meya na baraza yaliyoandikwa na kusomwa hadharani. Meneja wa TARURA wa wilaya alazimike kuleta mpango wake wa barabara za mji mbele ya baraza kabla ya bajeti kufungwa, si kuja kutoa taarifa baada ya mambo kwisha. Sehemu inayojulikana ya kodi ya majengo iliyokatwa Mpanda irudi Mpanda, kwa kiwango kinachotangazwa kila robo mwaka. Na Meya aliyechaguliwa na watu awe na wajibu wa kufanya mkutano wa hadhara katika kila kata angalau mara moja kwa mwaka na kueleza mapato na matumizi. Kata zenyewe ni 15. Kazi hiyo inawezekana. Tena ninaamini madaraka yenyewe yatafuata kura kuliko kura kuyasubiri madaraka. Meya mwenye ridhaa ya maelfu ana uso wa kuingia ofisi ya waziri na kudai kilicho cha mji wake, uso ambao aliyechaguliwa na wenzake ishirini hana.

Gharama? Siku ya Uchaguzi Mkuu mpiga kura wa Tanzania Bara hupewa karatasi tatu: ya Rais, ya mbunge na ya diwani. Katika miji ataongezewa ya nne. Vituo ni vilevile, wasimamizi ni walewale, daftari ni lilelile. Kilichobaki ni gharama ya kuchapa karatasi na sanduku moja la ziada, na sioni kwamba demokrasia ya mji inastahili kunyimwa sanduku.

Wapo pia wanaohofia fedha na ukabila. Wanasema uchaguzi wa mji mzima utakuwa wa matajiri, au utawagawa watu baina ya Wabende, Wakonongo na Wapimbwe walioikuta ardhi hii na Wasukuma, Wafipa, Waha na wengine waliohamia. Hofu ya fedha naielewa, lakini hesabu yake inaelekea upande wa pili. Mwenye nia ya kununua umeya leo anahitaji kuwafikia watu wachache wanaojulikana kwa majina na namba za simu. Kuununua mji wenye makumi ya maelfu ya wapiga kura ni jambo gumu zaidi, lenye mashahidi wengi zaidi, na tayari tunayo Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 ya kulisimamia, ikitumika kwa dhati. Kuhusu makabila, Mpanda imekuwa mji wa watu mchanganyiko tangu treni ya kwanza ilipofika. Kata moja inaweza kuwa na kundi moja lenye nguvu, na udiwani ukaamuliwa kwa kundi hilo. Anayetaka kushinda katika kata zote 15 hawezi kutegemea ukoo wala kijiji alichozaliwa. Atatafuta wenzake wa kila upande, na atachunga ulimi.

Swali la vyama ndilo linalonipa shida zaidi. Chama chenye nguvu kubwa kitaendelea kuchuja wagombea, na mtu mwenye uwezo asiyependwa na vikao ataishia nje, iwe kura ni ya madiwani au ya mji. Dawa ya hilo ni mgombea binafsi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika kesi iliyofunguliwa na marehemu Mchungaji Christopher Mtikila pamoja na asasi za kiraia, iliamua Juni 2013 kwamba kumlazimisha mtu awe mwanachama wa chama ndipo agombee ni kuvunja haki yake. Uamuzi huo bado haujatekelezwa, na umeya wa miji ungekuwa mahali pazuri pa kuanzia. Lakini hata bila mgombea binafsi, chama kinachojua kwamba jina lake litapigiwa kura na mji mzima kitachuja kwa uangalifu zaidi kuliko kinachojua kwamba kikao chake ndicho cha mwisho. Watu wa Mpanda wamekwisha kuonyesha kwamba hawaburuzwi: mwaka 2010, wakati mwana Katavi mwenzao Mizengo Pinda akiwa Waziri Mkuu kwa tiketi ya CCM, wapiga kura wa Mpanda Mjini walimchagua Said Arfi wa CHADEMA kuwa mbunge wao. Miaka mitano baadaye jimbo likarudi CCM. Watu wanaoweza kupima hivyo kwa ubunge wanaweza kupima kwa umeya.

Majirani wameshapita njia hii. Zambia, kwa marekebisho ya Katiba ya 2016, iliwapa wananchi kura ya kuwachagua mameya na wenyeviti wa halmashauri moja kwa moja. Kenya, ambako zamani madiwani ndio waliowachagua mameya, tangu 2013 wakazi wa kila kaunti humchagua gavana wao wenyewe. Wamekutana na matatizo, wengine wamewaondoa viongozi waliowachagua, lakini sijasikia Mzambia wala Mkenya akiomba haki hiyo irudishwe kwa madiwani.

Kinachotakiwa kubadilishwa ni Sheria Namba 8 ya 1982 pamoja na sheria ya uchaguzi, na Bunge lina uwezo wa kuzibadilisha kabla ya Uchaguzi Mkuu wa 2030. Baraza la Madiwani la Manispaa ya Mpanda linaweza kuanza kwa kupitisha azimio la kuomba mabadiliko hayo, na wabunge wa Katavi wanaweza kulipeleka Dodoma kama hoja au muswada binafsi. Wananchi wa kata 15 waliulize hilo sasa, kwenye mikutano ya mitaa na ofisi za kata, wakati waliochaguliwa wangali na muda wa kulifanyia kazi.